Mbegu ya Katumani na Elimu Iliyofungiwa Ghalani

Juma hili safu yetu yaelekea upande ambao huenda ukaonekana si wa nyumbani: elimu ya watafiti wa sayansi, na swali la elimu hiyo iwe wazi kwa nani. Twaileta mbele ya familia kwa sababu swali hili si la wanachuo peke yao. Limepata kugusa sahani ya sima, na wako waliozikwa kwa ajili yake. Mfano wetu watoka Machakos.

Machakos na pwani ni jamaa wa zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilishuka hadi Mombasa na pembe za ndovu, ikarejea bara na nguo na ushanga. Siku hizi kinachosafiri zaidi ni nafaka, na nafaka haiulizwi yatoka wapi. Gunia lililoshonwa Ukambani laweza kufunguliwa Kongowea, likasagwa Likoni, na unga wake ukapikwa Lamu bila ya mpishi kujua mahindi yale yalianikwa juani siku ngapi. Kwa hiyo lililowafika watu wa Machakos latuhusu.

Tuanze na kheri kabla ya msiba. Karibu na mji wa Machakos, katika njia iendayo Wote, kipo kituo cha utafiti wa kilimo kiitwacho Katumani, ambacho leo ni cha Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya (KALRO). Katika miaka ya 1960 wataalamu wa hapo walizalisha aina ya mahindi inayokomaa mapema, yenye kuwahi mvua chache za Ukambani kabla hazijakatika. Mahindi hayo yakapewa jina la kituo. Hata leo, Kenya na Tanzania, mkulima wa nchi kavu akisema amepanda Katumani, mwenziwe humwelewa bila ya maelezo.

Hapa tuzingatie jambo moja. Katumani si chotara. Mbegu chotara hupoteza nguvu zake ikipandwa mara ya pili, hivyo kila msimu mkulima hana budi kurudi dukani. Katumani humruhusu mkulima kuteua mahindi mazuri shambani mwake, kuyahifadhi kwa msimu ujao, na kumpa jirani kibaba. Mjomba alimpa mpwawe, mpwa akampa mkwewe, na kazi ya maabara ikaenea katika vijiji ambavyo wale wataalamu hawakupata kuvikanyaga. Waliopokea hawakuhitaji kujua Kiingereza, wala kulipa ada, wala kumjua aliyeigundua. Utafiti ulikuwa umewafikia ukiwa katika umbo linaloweza kupokewa na kupokezwa.

Sasa tutazame elimu nyingine iliyozaliwa katika wilaya hiyo hiyo, isiyopata bahati ya Katumani.

Kati ya Machi na Juni 1981 watu katika sehemu za Machakos walianza kuugua. Macho yaligeuka manjano, nguvu zikawaishia, na maini yao yakashindwa kufanya kazi. Wagonjwa 20 walipokewa hospitalini. 12 kati yao wakafariki. Madaktari walipoyapima mahindi yaliyotoka katika nyumba zilizofiwa, waliikuta aflatoksini kwa kiasi cha kutisha.

Aflatoksini ni miongoni mwa sumu ambazo wataalamu wa Kiswahili wameziita sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu iitwayo Aspergillus flavus, ambayo huishi udongoni na kupanda juu ya mahindi, njugu na vyakula vingine vya shambani. Hushambulia zaidi mimea iliyoteswa na ukame, kisha mavuno yake yakawekwa kabla hayajakauka barabara. Tusidanganywe na macho: punje yaweza kuonekana nyeupe na safi, ilhali sumu imo ndani yake. Wala jiko haliiondoi. Moto wa sima haufui dafu mbele yake, wala ule wa uji. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi, huweza kuleta saratani ya ini. Ikiliwa nyingi kwa muda mfupi, huua.

Uchunguzi ule wa 1981 ulifanywa kwa ustadi. Ngindu na wenzake waliandika ripoti, nayo ikachapishwa mwaka 1982 katika jarida la The Lancet la London. Kwa desturi ya wanasayansi, kazi ilikuwa imekamilika: jambo limegunduliwa, limepimwa, limeandikwa, na wenye ujuzi wamelihakiki. Lakini tujiulize, limekamilika kwa nani? Jarida lile lilisomwa na madaktari na maktaba zilizolipa ada, tena kwa Kiingereza cha hospitali. Mkulima wa Kathiani, muuza nafaka wa Wote na mwalimu wa shule ya msingi hawakuwa wasomaji wake. Habari za ghala zao zilisafiri hadi Uingereza, na kurudi kwake nyumbani hakukuwekewa njia.

Miaka 23 ikapita. Makueni ikamegwa kutoka Machakos mwaka 1992, ikawa wilaya peke yake. Watoto waliozaliwa mwaka wa msiba ule wakakua wakawa wazazi. Kisha, kati ya Januari na Julai 2004, ugonjwa ukarudi, safari hii katika Makueni, Kitui, Machakos na Thika. Waliougua walihesabiwa 317. Waliofariki walikuwa 125. Ni miongoni mwa misiba mikubwa kabisa ya sumukuvu iliyopata kuandikwa duniani. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizougua na zilizosalimika, walikuta kwamba waliougua walikuwa wameelekea zaidi kuweka mahindi yenye unyevu, tena ndani ya nyumba wanamoishi.

Hatusemi kwamba jarida lililofungwa kwa ada ndilo lililowaua watu 125. Hilo lingekuwa dhuluma kwa ukweli. Ukame ulikuwako, njaa ilikuwako, na mwenye njaa hawezi kungoja mahindi yakauke majuma mawili. Hofu ya wezi nayo humfanya mtu alale na mavuno yake chumbani. Tunachosema ni hiki: elimu ya kuwaonya watu ilikuwako. Ilikuwa imeandikwa, ina tarehe, na mahali ilipotoka panajulikana. Siku ilipohitajika, haikuwa mikononi mwa waliokula.

Hata hivyo, mwaka 2004 kuna jambo lililofanywa kwa njia nyingine, na hilo ndilo tunalopenda familia zetu zilielewe. Wizara ya Afya ya Kenya ilishirikiana na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC). Wachunguzi hawakuishia wodini. Waliingia katika masoko 65, wakawaendea wauzaji 243, wakakusanya sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake. Asilimia 55 ya sampuli hizo zilizidi kikomo cha Kenya cha wakati ule, ambacho kilikuwa mikrogramu 20 za sumu katika kilo moja ya mahindi. Asilimia 35 zilizidi mikrogramu 100. Asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000.

Tarakimu hizi ni ngeni kwa wengi, basi tuzifafanue. Mikrogramu 20 katika kilo ni sawa na gramu 20 za sumu zikitawanywa ndani ya tani 1,000 za mahindi, yaani magunia zaidi ya 11,000 ya kilo 90. Chembe chache hizo katika shehena kubwa hiyo ndizo zilizohesabiwa kuwa mwisho wa usalama. Sasa fikirini mahindi yaliyozidi kiasi hicho mara 50, nayo yamo sokoni, yamepangwa juu ya gunia, na mnunuzi anapatana bei.

Ripoti ya kwanza ya msiba huo ilitoka Septemba 2004 katika taarifa ya kila juma ya CDC. Uchunguzi wa masoko ulichapishwa mwaka 2005 katika jarida la Environmental Health Perspectives. Vyote viwili husomwa bila malipo. Mwanafunzi wa Mombasa mwenye simu aweza kuvifungua jioni ya leo akasoma majedwali yenyewe, wala asitosheke na maneno ya aliyesikia kwa aliyesikia. Na faida yake ni kubwa, kwa kuwa majedwali hayo yalithibitisha kwamba sumu haikubaki katika uchaga wa mkulima maskini. Ilikuwa imeingia katika biashara. Lau wachunguzi wangalihesabu wagonjwa tu, mnunuzi wa unga wa dukani angalidhani jambo hili ni la watu wa mashamba, lisilomhusu.

Kutoka hapo elimu iliendelea kuzaa elimu. Mwaka 2007 watafiti Probst, Njapau na Cotty walichapisha matokeo ya kuchunguza mahindi ya msiba ule, wakaonyesha kwamba katika wilaya zilizoathirika ilitawala aina moja ya kuvu yenye kutoa sumu nyingi mno. Peter Cotty, aliyekuwa mtafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, alikuwa amekwisha kuonyesha katika mashamba ya pamba ya Arizona kwamba ziko kuvu za ukoo huo huo zisizotoa sumu, na kwamba zikitangulizwa shambani hukalia nafasi ya zile mbaya. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Tropiki (IITA), yenye makao yake Ibadan, Nigeria, ikashirikiana na wataalamu wa Kiafrika kuijaribu njia hiyo barani kwetu.

Kwa Kenya ziliteuliwa kuvu nne zisizo na sumu, zote za udongo wa Kenya, zikapakwa juu ya punje za mtama ambao umechomwa usiweze kuota. Dawa hiyo ya shambani ikaitwa Aflasafe KE01, ikasajiliwa mwaka 2015. Mkulima huitawanya kwa mkono, kilo 4 kwa ekari, majuma mawili au matatu kabla mahindi hayajachanua. Kiwanda chake kimejengwa Katumani, pale pale palipotoka ile mbegu ya miaka ya 1960.

Tuangalie vizuri ni kitu gani kilichovuka bahari katika kisa hiki. Kuvu za Arizona hazikuletwa Machakos. Kilicholetwa ni fikra, pamoja na njia ya kuitekeleza: tafuta kuvu wema katika udongo wako mwenyewe, wapime, wazalishe, watangulize. Tanzania nayo imepata Aflasafe zake kutokana na udongo wake. Fikra ni mali ya ajabu. Ukimpa mwenzio mkate, wako hupungua. Ukimpa njia ya kuoka, mnakuwa waokaji wawili. Wanasayansi walio wengi wanalijua hili, ndipo mwaka 2002 baadhi yao wakatoa Tamko la Budapest la kutaka matokeo ya utafiti yasomwe na kila mtu bila malipo, na Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zikapitisha pendekezo juu ya sayansi iliyo wazi. Hata hivyo makala mengi yangali nyuma ya mlango wa ada, na bei ya kusoma makala moja aghalabu hufika dola 30 au zaidi. Kwa kijana wa chuo katika mji wa Machakos, huo ni ujira wa siku kadhaa za kazi ya mikono, kwa ajili ya kusoma habari ambazo huenda zilichukuliwa katika kijiji chake.

Wako watakaotupinga, na wana hoja. Tuzipime moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya sitara. Nyumba iliyofiwa haitaki jina lake lizungushwe, na mgonjwa hakumpa daktari siri zake ili zisomwe na dunia nzima. Hoja hii ni ya haki, na Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya 2019 imeipa nguvu. Lakini kulinda jina la mtu ni jambo moja, na kufungia hesabu ya watu ni jingine. Hapa kwetu pwani tuna mfano mwema. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, kilichoanza mwaka 1989, kina kamati inayopima maombi ya watafiti wanaotaka kutumia takwimu zake, ili zitumike bila ya kuwavunjia wenyeji heshima. Na mwaka 2017 Robert Snow na wenzake wa mpango huo huo walichapisha katika jarida la Nature mkusanyo wa tafiti 50,424 za kupima vimelea vya malaria katika Afrika kusini mwa Sahara, tangu 1900 hadi 2015, na takwimu zenyewe wakaziweka wazi. Humo hamna jina la mgonjwa. Mna mahali, mwaka, watu waliopimwa na waliokutwa na vimelea. Hesabu ambazo zingeozea katika makabati ya ofisi sasa zaweza kumfaa yeyote mwenye kupigana na mbu.

Hoja ya pili ni ya soko. Likitangazwa kwamba mahindi ya wilaya fulani yana sumu, mkulima mwaminifu wa wilaya hiyo, aliyeanika na kukausha, atakosa mnunuzi pamoja na mzembe. Hili nalo ni kweli, tena laumiza. Ila tuulize dawa yake ni ipi. Habari ikiwa nusu, yaani jina la wilaya na neno sumu, humwangamiza mwema na mbaya kwa pamoja. Habari ikiwa kamili, yaani soko gani, mwezi gani, sampuli ngapi, na ngapi zilikuwa salama, humpa mwema namna ya kujitetea. Hata katika masoko ya 2004, wakati wa msiba wenyewe, asilimia 45 ya sampuli hazikuzidi kikomo. Uvumi hauna jedwali. Ndiyo maana hauna huruma.

Hoja ya tatu ni ya watafiti wetu wenyewe, nayo yafaa kusikizwa kwa makini. Mtafiti wa Kenya hutembea juani, huwabembeleza wanavijiji, hukusanya sampuli kwa posho ndogo. Kisha mwenye maabara kubwa ng'ambo huzichukua takwimu alizozihangaikia, huandika haraka, na jina la aliyetembea juani husahaulika. Akiambiwa afungue kila kitu, huona anaambiwa agawe ndoo yake kabla hajanywa. Jibu letu ni kwamba kugawana bila uadilifu si kugawana. Aliyekusanya atajwe jina, apewe muda wa kuandika kwanza, na maabara za huku zijengewe uwezo wa kupima zenyewe. Mwenye kuchukua sampuli ya udongo wa Ukambani ana deni kwa Ukambani. Deni hilo halilipwi kwa kutajwa katika shukrani mwishoni mwa makala.

Ukishaondoa ada na ukatenda uadilifu, bado kuna mlango mmoja, na huo uko kwetu sisi: lugha. Jedwali la mikrogramu lililo wazi kwa Kiingereza limefungwa kwa mama asiyekisoma. Hapa tunawageukia vijana wetu walio vyuoni. Kila mnapoandika tasnifu juu ya maji ya visima, samaki, dawa au nafaka, andikeni pia ukurasa mmoja wa Kiswahili, wenye jambo lililogunduliwa, mahali, na la kufanya, mkaupeleke mlikoyachukua maelezo. Anayewahoji watu wa mtaa na asirudi kuwaambia alichokiona amekopa bila kulipa.

Na kwa kuwa tumesema elimu ipitishwe mkono kwa mkono, nasi tupitishe kidogo. Iko njia nyepesi ya kujua kama mahindi ya kuhifadhi yamekauka. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, yenye kifuniko. Tia mahindi hadi thuluthi moja ya chupa, kisha vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokauka. Funika, tikisa kwa dakika chache, uiache kama robo saa. Chumvi ikiganda ubavuni mwa chupa, mahindi yangali na unyevu. Yarudishwe juani, juu ya turubai au jamvi, yasigusane na udongo. Chumvi ikianguka chini yote na kioo kikabaki kikavu, yanafaa kuwekwa. Tuelewane: chupa hii hupima unyevu, haipimi sumu. Mahindi yaliyokwisha kuingiwa na sumu hayatakaswi kwa kukaushwa. Punje zilizooza, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu zitolewe na kutupwa, wala wasipewe kuku na mbuzi, maana sumu hiyo haichagui mlaji.

Kwa sisi tununuao unga dukani, chupa ya chumvi haitufai kitu. Hapo tegemeo letu ni maabara za serikali na uwazi wake. Novemba 2019 Shirika la Viwango la Kenya (KEBS) lilisimamisha chapa tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini, likazitaja hadharani. Wengi walishtuka, na haki yao. Lakini mshtuko ule ulikuwa neema, kwani mama alijua asipike nini. Ni heri kushtuka mbele ya rafu ya duka kuliko kando ya kitanda cha hospitali.

Uwazi huo tusiungoje kama sadaka. Ibara ya 35 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humpa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaongeza kwamba ofisi iliyoombwa itoe uamuzi wake ndani ya siku 21, na kama habari inayotakiwa inahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Unga wenye sumu wahusu uhai. Kamati ya msikiti, chama cha akina mama, au baraza la wazazi wa shule inayolisha watoto, wote waweza kuketi na kuandika barua yenye maswali matatu: unga unaouzwa katika kaunti yetu ulipimwa lini mara ya mwisho? Sampuli zilikuwa ngapi? Ngapi zilizidi kikomo, ambacho leo ni mikrogramu 10 katika kilo? Barua iandikwe kwa adabu, itiwe tarehe, na nakala yake ihifadhiwe.

Dini yetu haikuliacha jambo hili bila neno. Imemkemea vikali mtu anayeulizwa elimu aliyo nayo, watu wakiihitaji, naye akaificha. Wanavyuoni wa pwani waliielewa hivyo, ndiyo maana darsa za misikitini Lamu, Mombasa na Unguja hazikuwekewa bei mlangoni. Aliyetaka kusikiliza aliketi. Hatuoni sababu ya elimu ya ini na mahindi kuwekewa mlango mwembamba kuliko huo.

Barua ya kaunti, basi, isingoje mkutano mwingine. Ijumaa hii, baada ya Sala, wenye kamati wakae robo saa waiandike. Majibu yatakayokuja tuletewe, nasi tutayatoa katika safu hii kwa Kiswahili, tarakimu zote zikiwamo. Wabillahi tawfiq.